Kiganja Kwenye Mdomo wa Injini

Injini ukiiziba mdomo inakufa. Hilo halina ubishi wala halihitaji shule. Unavuta ule mpira mnene unaoleta hewa kutoka kwenye chujio, unaweka kiganja pale hewa inapoingilia, na injini inakohoa mara moja na kunyamaza. Ikiendelea kunguruma, ujue kuna mahali pengine inaiba hewa, na kazi yako ni kupatafuta. Mafundi wote hupima hivyo. Huyu aliyeitwa Chapchap alikuwa amezidisha. Gari la mteja halizimi kwa ufunguo hata kama ufunguo uko mbele ya pua yake. Analizima kwa kiganja, huku akimtazama mteja usoni na kutabasamu, ili aonekane mwamba.

Kazi aliijua, tusimwonee. Jina la Chapchap alipewa kwa haraka zake, maana gari ambalo wenzake wangelilaza gereji, yeye alikukabidhi kabla hujamaliza soda. Tatizo lake lilikuwa sifa. Mtu akimsifu mbele za watu, hapo umempata, atakufanyia chochote na hatarudi nyuma hata aone shimo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la utosi, saa ambayo hata mbwa wa gereji anaingia chini ya lori na kujifia kwa usingizi. Mwenye duka la dawa alifika na gari lake dogo jeupe, analalamika kwamba linamwaibisha. Likiwa kwenye mwendo halina neno. Akisimama tu kwenye taa za barabarani, mshale wa kasi ya injini unashuka, usukani unatetemeka, na gari linazima katikati ya watu wenye honi na matusi. Chapchap alimjibu kabla hata hajafungua boneti kwamba sailensi iko chini. Sailensi ndivyo mafundi wanavyouita ule mngurumo wa gari lililosimama, mguu ukiwa hauko kwenye mafuta, yaani pumzi ya injini inapopumzika.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaisimamisha juu ya injini, mpini akauweka sikioni. Hii nayo ni njia ya mafundi, chuma kinakuletea sauti ya ndani kama vile umeingiza kichwa humo. Alisikia valvu zikigonga, alisikia mafuta yakipigwa, na chini ya hayo yote akasikia kitu kinalia. Kililia kidogo kidogo, kwa kwikwi, kilio cha mtoto mchanga anayeamka na kutafuta mama yake.

Alisikia. Naliweka wazi mapema kwa sababu baadaye alilikana. Alitoa bisibisi, akajikuna sikio, akasikiliza tena, na kilio kilikuwepo. Fundi umeme wa pale gereji, ambaye wote walimwita Waya, alikuwa pembeni ameshika tochi. Aliuona uso wa mwenzake ulivyobadilika, akamuuliza kuna nini. Chapchap akasema hakuna kitu, labda paka. Waya akamwambia basi azime gari kwa ufunguo, watazame kwanza, wasije wakaua kiumbe wa watu. Wakati huohuo mwenye duka la dawa akatazama saa yake, na Chapchap alikuwa hapendi mteja atazame saa.

Akavuta mpira, akaweka kiganja. Injini haikufa. Ilishuka, ikatetemeka, ikaendelea kuhema polepole, na katikati ya kiganja chake akahisi kitu laini, cha moto, chenye majimaji, kinamnyonya. Haukuwa mvuto wa hewa, mvuto wa hewa anaujua miaka yote. Hii ilikuwa midomo midogo inayotafuta, inaachia, inakamata tena. Mtu mwingine angerusha mkono na kukimbia. Yeye alikuwa anatazamwa. Akapandisha kiganja cha pili juu ya cha kwanza na kukandamiza kwa uzito wa mwili mzima, na kile kitu kikapapatika, kikapapatika zaidi, kikaanza kupungua nguvu, mpaka kikaacha kabisa na injini ikanyamaza.

"Unaona," alimwambia mwenye duka. "Imekubali."

Alipomulika ndani alikuta masizi ya kawaida, yale yanayozuia hewa, na katikati ya masizi kulikuwa na utando mwembamba wenye nywele laini, mweusi kwa moshi. Ulinuka maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni. Chapchap alifuta vyote kwa kitambaa kimoja, akapulizia dawa ya kusafishia, akapiga brashi, na kitambaa akakitupa kwenye pipa la takataka lililokuwa linawaka moto. Gari likawashwa. Sailensi ilitulia vizuri, glasi ya maji juu ya boneti isingemwagika, na mwenye duka akaondoka anamsifu mpaka getini.

Gari lilipotoka, Waya aliona mwanamke amesimama palepale lilipokuwa limeegeshwa. Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili, kama ya mzazi aliyechelewa kunyonyesha. Alikuwa anatazama lile pipa linalowaka. Kisha akageuza shingo taratibu na kuitazama mikono ya Chapchap, akaitazama muda mrefu, na Waya alipopepesa macho hakukuwa na mtu. Waya akajiambia ni jua. Hakumwambia yeyote, akaenda kunywa maji.

Nyumbani Chapchap alikuwa na mke mshonaji na binti mmoja ambaye hajaanza shule. Huyo binti walimpata kwa kumtafuta. Miaka ilipita, mawifi wakaanza kuongea pembeni, mpaka siku Mungu alipowakumbuka, na tangu hapo mama mtu alikuwa hapumui kama hajui mtoto yuko wapi. Walimpa jina la utani la Chiriku kwa sababu mdomo haukai. Akiamka anaongea, akila anaongea, akinyamazishwa anaongea na ukuta.

Chapchap alikuwa na mazoea ya kurudi nyumbani mchana kula na kujinyoosha. Siku moja baada ya lile gari jeupe alikuwa kwenye kochi, tumbo juu, mkewe anashona, na Chiriku ameketi mkekani anamsimulia mama yake jinsi mwanasesere alivyotaka kupelekwa kuoga. Maneno yakapungua. Mama Chiriku alidhani mtoto amesinzia na moyoni akashukuru, masikio nayo yanahitaji likizo. Ni pale aliposimamisha cherehani kukata uzi ndipo alipogundua kwamba chumba kimenyamaza kupita kiasi.

Aligeuka. Mtoto ameegemea ukuta, macho wazi, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Kifua kilipanda kidogo, kikashuka, kikakaa. Kikapanda tena kidogo zaidi ya mwanzo. Mama alimrukia na kumtikisa bega, na Chiriku akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaendelea na hadithi palepale alipokuwa ameishia, kwamba mwanasesere alikataa kuoga na akachapwa.

Sakafuni kulikuwa na matone meupe kutoka mlangoni hadi mkekani. Mama Chiriku aliyafuta kwa tambara akijua ni maziwa yamemwagika, na alipokuwa anasuuza lile tambara akakumbuka kwamba wiki nzima hakuna aliyenunua maziwa.

Kuanzia hapo hawakupata raha. Mtoto akiruka kamba ni mzima, akikimbizana na wenzake uani ni mzima, akipiga domo ni mzima. Akitulia tu, pumzi inashuka, kifua kinatetemeka, na kama hakuna wa kumtikisa inaelekea kukatika. Baba yake alisimama mlangoni mchana mmoja akimwangalia anavyoruka kamba mpaka jasho linamtoka, kisha anaketi na kuanza kufifia, na ugonjwa ule akautambua. Ameutibu kwenye magari mangapi. Alimtikisa mtoto akazinduka, akaenda kujifungia bafuni, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma.

Walimpeleka hospitali. Daktari hakuwa mjinga wala mwenye dharau, alimsikiliza mtoto kifua, akampiga picha, akamlaza wodini kwenye mashine inayolia pumzi ikipungua. Wodi ile akina baba huingia saa ya kutazama wagonjwa tu. Chiriku alilala fofofo, mashine haikulia hata kidogo, na mama yake akalia kwa furaha peke yake. Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, mchana ule, baba aliingia na mfuko wa machungwa. Hakukaa sana, mtoto akiwa bado amelala, mashine ikaanza kupiga kelele, wauguzi wakakimbia, na chumba kikanuka maziwa yaliyoungua. Chapchap alitolewa nje kupisha. Mtoto akapumua.

Mama Chiriku alimwangalia mumewe kupitia kioo cha mlango. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani alianza kupima, na alipima kama mafundi wanavyopima plagi, unachomoa moja unasikiliza, unairudisha unachomoa nyingine. Alimtuma mumewe kununua uzi, mtoto akalala vizuri. Mume alirudi na uzi, pumzi ikashuka. Akamtuma vifungo. Akamtuma zipu. Aliporudi na zipu, mkewe alikuwa amemsubiri mlangoni.

"Baba Chiriku," alimwambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, "umefanya nini huko?"

Alimsimulia. Alisimulia gari jeupe, kiganja, ule utando, harufu, na kitambaa alichokichoma. Alisimulia karibu kila kitu. Lile la bisibisi aliliruka. Alisema aliziba kama anavyoziba siku zote, na kama kulikuwa na kitu humo ndani, yeye hakujua, angejuaje? Akalia machozi ya kweli. Mkewe alimwamini, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu kutojua ni jambo ambalo mtu anaweza kulisamehe.

Mtaa wa pili kulikuwa na mkunga wa zamani, mkono wake umepokea nusu ya watu wazima wa pale, na uzeeni alitibu wale wenye vitu vya kuwaandama. Wote walimwita Bibi Mkunga. Mama Chiriku alimpelekea mtoto, na yule mama mzee hakuuliza historia, alimvuta mtoto magotini, akamnusa utosi, akauliza ni nani anamnyonyesha huyu.

"Ameacha ziwa zamani, bibi."

"Ananyonyeshwa," alisema Bibi Mkunga. "Kuna mama kafiwa, maziwa yamemjaa na hana wa kumpa. Anamweka mwanao kifuani, na kila akinyonya, pumzi inamtoka. Anafanya hivyo baba yake akiwepo tu. Anataka baba aone."

Mama Chiriku alimsihi amfukuze, atatoa anachotaka. Bibi Mkunga alitikisa kichwa. Yeye hufukuza majini waliokuja kucheza na watu au waliotumwa na mahasidi, alisema, lakini mama aliyeuliwa mtoto atamfukuza kwa kosa gani? Huyu ana kesi, na mwenye kesi husikilizwa. Tena wasichelewe, kwa maana siku moja atachoka kumwonyesha yule baba, atachukua moja kwa moja.

Kwa agizo lake wakakutana gereji, jua la utosi, saa ileile. Mwenye duka la dawa alilileta gari mwenyewe, akisema sailensi ni nzuri lakini mkewe amegoma kulipanda kwa sababu ya harufu. Bibi Mkunga hakufukiza kitu wala hakuimba. Alitaka boneti ifunguliwe, injini iwashwe na iachwe hivyo bila kukanyagwa mafuta. Mama Chiriku aliketishwa kwenye kigoda mbele ya gari na mtoto mapajani, Chapchap akasimamishwa upande wa pili, Waya, tochi mkononi kama kawaida, na mwenye gari nyuma yake. Kisha Bibi Mkunga akauliza mafundi wanasikilizaje kilicho ndani. Waya akaileta ile bisibisi ndefu. Chapchap alinyoosha mkono kuipokea.

"Si wewe," alisema Bibi Mkunga. "Mpe mama."

Mama Chiriku hakuwahi kushika bisibisi ila ya cherehani. Aliweka ncha pale alipoonyeshwa, mpini sikioni, na mwanzoni alisikia vishindo tu, vyuma vikigongana, moto ukilipuka na kulipuka, halafu taratibu vishindo vikawa kama vinasogea pembeni kumpisha mtu, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda kutoka kwenye injini na kumwingia puani mpaka machozi yakamtoka, na ndani ya chuma, karibu kabisa na sikio lake, karibu kuliko mtu anavyoweza kusogea, akasikia mwanamke anavuta pumzi kabla ya kusema.

"Wako anapumua," sauti ilisema. "Namsikia."

Mama Chiriku alinong'ona midomo ikigusa mpini. "Nisamehe, mama mwenzangu. Mume wangu hakujua."

Sauti ilipanda kidogo ndani ya chuma.

"Nilimlaza penye joto nikaenda kumtafutia chakula," ilisema. "Alimsikiliza mwanangu kwa chuma hiki. Alimsikia analia. Akasikiliza tena, akamsikia tena. Ndipo akamziba. Alipoona hafi haraka akaongeza mkono wa pili."

Wale wengine hawakusikia chochote ila injini. Waliona tu mama ameinua macho na kumtazama mumewe, na Waya, bila kuambiwa kitu, akainamisha kichwa.

"Muulize," sauti ikaendelea. "Akisema kweli kwa kinywa chake, nitamlilia wangu kisha nitaondoka. Usimfundishe jibu. Ukimfundisha, namchukua huyu sasa hivi."

Mama Chiriku alitamani kumpigia mumewe kelele, kumkonyeza, kumkanyaga mguu, afanye lolote, lakini kifua cha mtoto mapajani pake kilikuwa kimeshaanza kupungua.

"Baba Chiriku," alisema. "Siku ile, ulisikia kitu?"

Chapchap alimtazama mkewe, kisha Bibi Mkunga. Akageuka kidogo akamwona mwenye duka la dawa, mteja wake, amekaza macho kusikiliza. Nyuma yake, kwenye geti, watu wa gereji za jirani walikuwa wamejazana kuchungulia, wale waliokuwa wakimwita mwamba.

"Sikusikia kitu."

"Fikiri vizuri."

"Nifikiri nini tena?" Alipiga hatua, akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake. "Naapa kwa mtoto huyu. Kama nilisikia, afe."

Sailensi ikashuka. Gari zima likatetemeka, vioo vikalia, mngurumo ukazama ukawa mgugumo mmoja mmoja uliokuja kwa kuchelewa, na kifua cha Chiriku kikaenda nao sawasawa, mgugumo na pumzi, mgugumo na pumzi, kila pumzi ikiwa fupi kuliko iliyotangulia, na mama yake alimtikisa bega kama alivyomtikisa siku zote hizo, akamtikisa tena kwa nguvu zaidi, na safari hii kichwa cha mtoto kilienda mbele na nyuma bila kuzinduka, midomo imekuwa majivu, macho yamegeuka, na mkono wa baba yake bado uko juu ya utosi wake, umeapa.

"Sema kweli," mama alimwambia.

"Ndiyo hiyo," Chapchap alijibu, jasho linamtiririka. "Sina nyingine."

Basi hapo ndipo moyo wa yule mwanamke ulipomtoka mumewe. Angeweza kumsamehe kuua. Hata uongo wa nyumbani angeumeza, wanawake wangapi wanaumeza. Lakini aliyekuwa anakufa mapajani ni mtoto aliyemtafuta kwa machozi, na huyu bwana amemweka rehani ili watu wa getini wasimcheke. Aliinama kwenye mpini wa bisibisi, akasema maneno ambayo yeye na yule mwingine tu waliyasikia.

"Wangu hakumziba mtu. Mchukue aliyeziba."

"Utamwamsha," sauti ilisema. "Nyinyi huwaamsha."

"Sitamwamsha."

"Utamwona anakutazama."

"Nimesema sitamwamsha."

Injini ikapanda, ikatulia. Chiriku akavuta pumzi kwa kishindo, akakohoa, akaomba maji, akauliza kwa nini watu wote wamemzunguka na kwa nini yule mjomba wa tochi analia. Mama yake alishusha bisibisi chini. Aliwaambia kwamba yule mama amekubali, ameondoka, na yamekwisha.

Watu wakashangilia. Chapchap alicheka na kulia kwa pamoja, akambeba binti yake juu, akawaambia wa getini kwamba alisema yeye hakusikia kitu, sasa wameamini? Bibi Mkunga hakushangilia. Alimtazama Mama Chiriku usoni kama anavyotazamwa mzazi aliyeficha uchungu, akajifunga nguo yake vizuri, akakataa kupewa lifti, akaenda zake kwa miguu kwenye jua lile.

Mchana huohuo walikula pamoja. Chapchap alimlisha Chiriku kwa mkono wake mwenyewe na kumchekesha mpaka akapaliwa. Mtoto alisinzia mkekani, na wazazi wake wawili walikaa wakimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, kirefu, sawasawa, hata baba akamshika mkewe mkono na kumwambia ameiokoa nyumba hii. Yeye hakuutoa mkono wake. Alimpenda, tusidanganyane, na alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na vyote viwili vilikuwa vimekaa kifuani pake bila kusukumana. Kidogo tu, kidogo mno, angesema neno. Kisha Chapchap akapiga miayo, akasema kweli wale wa getini leo wamemkoma, na akaenda kujinyoosha kwenye kochi.

Mama Chiriku aliketi kwenye cherehani lakini hakushona. Pumzi ya mumewe aliisikia vizuri. Ilikuwa ndefu, ikawa fupi, ikaanza kuchelewa. Mlango ambao ulikuwa umefungwa ukasogea, na mwanamke aliyelowa kifuani akaingia, anadondosha matone meupe kila anapokanyaga, akampita mtoto mkekani bila kumtazama, akaketi kwenye ukingo wa kochi penye kichwa cha fundi, taratibu, kama mtu aliyekuja kumwuguza ndugu yake, akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa yule bwana, na alipoona hafi haraka, akaweka na cha pili.

Macho ya Chapchap yalifunguka. Hayakumtazama aliyemziba, yalimtafuta mkewe, yakampata. Kisigino kiligonga kochi, kikagonga tena. Kumtikisa bega mara moja tu kungetosha, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Mama Chiriku, ambaye siku zote hizo mikono yake haikufanya kazi nyingine.

Alisimama. Akainama mkekani, akampandisha binti yake begani kwa uangalifu ili asikatishe usingizi, akatafuta kandambili zake kwa kidole cha mguu, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake. Barazani jirani yake alikuwa anachambua mchele. Alisogea kumpisha nafasi, akamtazama mtoto anavyokoroma, akafurahi naye, kisha akauliza shemeji yuko wapi, pikipiki yake imekataa kuwaka.

"Amelala," alisema Mama Chiriku. "Nakuomba usimwamshe."